Posa Zilizorudi: Ndoa za Kifalme za Ulaya Ambazo Hazikufungwa

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi Malkia Victoria wa Uingereza alivyowaozesha watoto na wajukuu wake katika majumba mengi ya kifalme barani Ulaya. Nilitarajia barua zitakazouliza juu ya harusi hizo, lakini wengi mmeniuliza juu ya zile ambazo hazikufanyika: nani alimposa nani, nani alikataa, na ni nani aliyesimama mlangoni akazuia. Nimechagua barua sita.

Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba malkia wa mwisho wa Urusi, aliyeuawa pamoja na mumewe na watoto wao, aliposwa kwanza na mjukuu wa Malkia Victoria akamkataa. Je, ni kweli? Na kwa nini mtu akatae kuwa malkia wa Uingereza? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Ni kweli. Binti huyo alijulikana nyumbani kwa jina la Alix, na alizaliwa mwaka 1872 huko Darmstadt, katika dola ndogo ya Kijerumani ya Hesse. Mama yake, Alice, alikuwa binti wa Victoria, akafariki mwaka 1878 Alix akiwa na miaka sita tu, na tangu hapo bibi yake wa Uingereza akamshika kama mwanawe. Mposaji alikuwa Albert Victor, aliyeitwa Eddy na jamaa zake, mtoto wa kwanza wa mjomba wake Alix, kwa hiyo walikuwa mabinamu hasa kwa maana tunayoijua sisi. Eddy alikuwa wa pili katika urithi wa kiti, nyuma ya baba yake. Mshenga alikuwa Victoria mwenyewe, na sidhani kama Ulaya ya wakati ule ilikuwa na mshenga mwenye uzito kumzidi.

Hata hivyo mwaka 1890 Alix alikataa katakata. Alikuwa amekwenda Urusi mwaka 1884, akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye harusi ya dada yake Ella, na huko alikutana na Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, aliyekuwa na miaka kumi na sita; walipoonana tena mwaka 1889 moyo wake ulikuwa umeshachagua. Bibi yake alisikitika, lakini katika barua kwa mmoja wa jamaa alikiri kwamba binti aliyeweza kukataa cheo kikubwa namna ile, na huku ukoo mzima unamshinikiza, alikuwa na msimamo wa kupigiwa mfano. Cha ajabu ni kwamba Nicholas naye nusura akataliwe. Alix alikuwa Mlutheri wa dhati, na mke wa mtawala wa Urusi alipaswa kuingia Kanisa la Kiorthodoksi. Alilia, akasita, na ilifika Aprili 1894, ndugu walipokusanyika Coburg kwa harusi ya kaka yake, ndipo akakubali. Ndoa ilifungwa Novemba mwaka huo huo.

Eddy hakukaa akinung'unika. Mwaka ule ule wa 1890 alimpenda Hélène wa Orléans, binti wa mtu aliyedai kiti cha Ufaransa, na binti naye akampenda. Hapa pana tukio moja ambalo huwa nalifikiria sana. Wawili hao walikwenda pamoja hadi Balmoral, Scotland, wakajitokeza mbele ya Malkia bila taarifa ya maana na kumwomba baraka. Victoria, ambaye alikuwa mkali kwa mawaziri wake, alilainika mbele ya vijana hao. Lakini Hélène alikuwa Mkatoliki, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1701 ilimwondolea haki ya kurithi yeyote atakayemwoa Mkatoliki. Hélène akasema yuko tayari kubadili dini. Baba yake akakataa. Eddy akasema yuko tayari kuacha urithi. Binti akaenda hadi Roma kumwomba Papa Leo wa 13, na Papa akasimama upande wa baba. Posa ikafia hapo.

Desemba 1891 Eddy alichumbiwa binti wa tatu, Mary wa Teck, na harusi ikapangwa kufanyika Februari 1892. Januari ugonjwa wa mafua makali uliokuwa ukizunguka dunia ulimkuta Sandringham, nyumba ya ukoo huko Uingereza, ukageuka kuwa nimonia, akafa tarehe 14, siku sita baada ya kutimiza miaka 28. Mary aliweka juu ya jeneza shada la maua ya mchungwa lililokuwa la harusi yake.

Mdogo wake marehemu, George, naye alikuwa na jeraha lake. Alikuwa amempenda binamu yake Marie wa Edinburgh, lakini mama wa binti, aliyekuwa mzaliwa wa Urusi na asiyeipenda sana Uingereza, hakutaka, na Marie akaolewa na mrithi wa kiti cha Romania mnamo Januari 1893. Hivyo George aliyekataliwa na Mary aliyefiwa wakaozeshwa Julai 1893. Wasomaji wa pwani watasema ni kurithi mke wa ndugu. Si hivyo kamili, kwa kuwa ndoa ya kwanza haikufungwa, lakini ukoo uliwaza kwa namna hiyo hiyo: binti mwema amekwisha patikana, asipotee. Ndoa hiyo ya viraka iligeuka kuwa imara, na Mfalme Charles wa sasa ni kitukuu chao.

Huenda pia unajiuliza kama Alix angesalimika. Husemwa kwamba angemkubali Eddy asingeuawa Yekaterinburg, Urusi, usiku wa Julai 1918. Mimi naona hesabu hiyo ni ya haraka mno. Kama Eddy angekufa siku ile ile, Alix angekuwa mjane wa miaka 19. Na kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo hakuna aliyelifahamu vizuri wakati ule: Alix alibeba hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, aliourithi kwa mama yake. Kaka yake mmoja aliyekuwa nao alianguka dirishani mwaka 1873, akiwa bado mtoto mdogo, akafa kwa kuvuja damu. Mama mwenye kubeba ugonjwa huo humpa kila mtoto wa kiume nusu ya uwezekano wa kuugua. Mwana pekee wa Alix, Alexei, aliyezaliwa 1904, aliugua, na kwa kumtafutia nafuu wazazi wake walimfungulia Rasputin, Mrusi aliyedaiwa kuwa mponyaji, milango ya jumba lao. Ndoa ya Eddy ingeweza kuupeleka ugonjwa ule ule katika kiti cha London.

Hispania iliupata kwa njia inayofanana. Mfalme Alfonso wa 13 alikwenda Uingereza mwaka 1905 akimtazamia Patricia, mjukuu mwingine wa Victoria. Patricia hakuonyesha hamu, macho ya mfalme yakahamia kwa binamu yake Patricia, Victoria Eugenie, akamwoa, na wawili kati ya wana wao walikuwa wagonjwa wa hemofilia.

Mwalimu, babu yangu alikuwa akisema Victoria alimzawadia Kaisari Wilhelm mlima wetu Kilimanjaro. Naomba uthibitisho, na je, huyu Kaisari naye aliwahi kukataliwa? — Msomaji, Moshi

Hadithi ya zawadi ni tamu lakini si ya kweli. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mpaka mwaka 1886, wakauvuta ukaupinda mlima na kuuacha upande wa Wajerumani, na Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari. Alikalia kiti mwaka 1888.

Kukataliwa, naam, alikataliwa, na aliyemkataa ni yule yule Ella, dada yake Alix. Wilhelm alipokuwa akisoma chuoni Bonn mwishoni mwa miaka ya 1870 alikuwa akienda mara kwa mara Darmstadt kwa mama yake mdogo Alice, akamtamani Ella, ambaye hakumtaka. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja, kwa hiyo kwetu wawili hao wangeitana kaka na dada, na mzee yeyote angemfukuza mposaji kwa fimbo! Wilhelm alimwoa Augusta Victoria mwaka 1881. Ella aliolewa na Sergei, baba mdogo wa Nicholas. Mumewe aliuawa kwa bomu mjini Moscow mwaka 1905, akajitoa kwa Mungu akaanzisha nyumba ya watawa, na Julai 1918 Wabolsheviki, wanamapinduzi walioishika Urusi, walimuua, siku moja tu baada ya Alix.

Jambo Mwalimu. Hapa kwetu kuna wanaosema Leopold, aliyeifanya Kongo shamba lake, asingekuwapo duniani kama binti mmoja wa Kiingereza asingekufa kwa uzazi. Mambo ya uzazi wa Kiingereza yanatuhusu vipi sisi? — Msomaji, Bukavu

Yanawahusu, na wanaosema hivyo wana hoja. Binti huyo ni Charlotte, aliyezaliwa 1796, mtoto pekee wa ndoa wa yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne, na kwa hiyo mrithi wa kiti. Baba yake alimchagulia William wa Orange, mwana wa mtawala wa Uholanzi, aliyepigana vitani chini ya Wellington, jemadari wa Uingereza. Mkataba uliandikwa, na Juni 1814 Charlotte akauvunja mwenyewe. Alikuwa na sababu mbili. Hakutaka kulazimishwa kwenda kuishi Uholanzi, kwa kuwa mrithi akiwa ng'ambo kiti chake huwa rahisi kuguswa. Na alitaka mama yake, aliyekuwa ametengana na baba kwa ugomvi mkubwa, apokewe nyumbani kwake wakati wowote.

Baba alighadhibika, akatangaza kuwafukuza watumishi wote wa binti na kumweka mahali pa upweke. Charlotte alichukua kofia, akatoka mbio hadi barabarani, akasimamisha gari la farasi la kukodi kama mtu mwingine yeyote wa London na kumwambia dereva ampeleke kwa mama yake. Usiku mzima mabwana wakubwa, mawakili na ami zake walifuatana nyumbani humo kumsihi, na alfajiri akakubali kurudi. Nijuavyo mimi, hiyo ndiyo mara ya pekee ambapo suala la urithi wa kiti cha Uingereza lilipanda teksi.

Mei 1816 aliolewa na aliyempenda, Leopold wa Saxe-Coburg, mtoto wa ukoo mdogo wa Kijerumani ambaye hakuwa na mali ya kutajwa. Novemba 1817, baada ya uchungu wa zaidi ya saa 50, alijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa, na yeye akafariki saa chache baadaye. Mkunga mkuu, daktari wa kiume, alijiua miezi michache iliyofuata. Ghafla mfalme mzee, babu yake Charlotte, hakuwa na mjukuu hata mmoja wa ndoa, na wanawe waliokuwa wakiishi na mahawara wakaanza kukimbizana kutafuta wake. Mmoja wao, mwenye cheo cha Duke wa Kent, alimwacha mwanamke aliyekaa naye kwa miaka mingi akamwoa dada yake Leopold, na mwaka 1819 akazaliwa Victoria.

Sasa tuje kwenu. Wakati huo nchi tunayoiita Ubelgiji ilikuwa chini ya ukoo wa Orange, yaani wa mposaji aliyekataliwa. Mwaka 1830 Wabelgiji waliasi wakajitenga, na mwaka 1831 walimpa kiti mjane wa Charlotte. Yaani kile ambacho ukoo wa mchumba wa kwanza ulipoteza, mume alikipata. Leopold alioa tena mwaka 1832, safari hii binti wa Mfalme wa Wafaransa, na mwaka 1835 akazaliwa mwana aliyepewa jina la baba. Huyo ndiye Leopold wa Pili, ambaye kuanzia 1885 hadi 1908 aliimiliki Kongo kama mali yake binafsi, na watu wenu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Charlotte angeishi, Leopold mkubwa angebaki London akiwa mume wa malkia na yule mwana asingezaliwa. Kama Kongo ingeangukia mikono yenye huruma zaidi, hilo sikuahidi, maana wakoloni waliokuwa wakiitolea macho bonde la mto Kongo walikuwa wengi.

William wa Orange naye alioa mwaka 1816, akapata Anna, dada wa mtawala wa Urusi. Anna huyo aliwahi kuposwa na Napoleon, mama yake akachelewesha jibu kwa makusudi akisingizia umri mdogo wa binti, mpaka Napoleon akachoka kusubiri na mwaka 1810 akamchukua binti wa Mfalme Mkuu wa Austria.

Mwalimu, je, hawa wana wa wafalme waliwahi kwenda kuposa wenyewe, bila mshenga? — Msomaji, Iringa

Mmoja alikwenda, na matokeo yake ni fundisho zuri la kwa nini washenga wapo. Mwaka 1623 Charles, mrithi wa kiti cha Uingereza, alichoshwa na majadiliano ya miaka mingi juu ya kumwoa Maria Anna, dada wa Mfalme wa Hispania. Akiwa na rafiki yake Buckingham alivaa ndevu za bandia, wakajiita John na Thomas Smith, wakapanda farasi kuelekea pwani. Walipovuka mto kwa mtumbwi hawakuwa na fedha ndogo, wakampa mwenye mtumbwi sarafu ya dhahabu, na huyo mara moja akaripoti kwamba amevusha watu wasioeleweka. Walipita Paris, wakaingia ikulu kama watazamaji na kuona wanawake wa nyumba ya kifalme wakicheza ngoma; miongoni mwao alikuwamo Henrietta Maria, msichana wa miaka 13, ambaye Charles hakumjali.

Machi walibisha hodi kwa balozi wa Uingereza mjini Madrid, aliyepigwa na butwaa. Wahispania walifurahi, maana walidhani hakuna kijana ambaye angesafiri hivyo isipokuwa amekusudia kuwa Mkatoliki. Walipogundua sivyo, masharti yakaanza kupanda: ruhusa ya Papa, uhuru wa Wakatoliki nchini Uingereza, na kadhalika. Wachumba walikuwa hawaruhusiwi hata kuzungumza faraghani. Siku moja Charles aliparamia ukuta wa bustani alimokuwa binti, akaruka ndani. Maria Anna akapiga ukelele na kukimbia, na mzee aliyekuwa akimlinda akamwangukia Charles magotini akimsihi atoke. Ukweli ni kwamba binti mwenyewe hakuwa tayari kuolewa na mtu aliyemwona mzushi wa dini, na mposaji alikuwa wa mwisho kuambiwa.

Charles aliondoka mikono mitupu, au karibu mitupu, kwani alibeba picha za mchoraji Titian, mojawapo ikiwa ile ya Mfalme Mkuu Charles wa Tano akiwa na mbwa wake. Oktoba alipoingia London bila bibi harusi, watu waliwasha mioto mitaani na kupiga kengele kwa shangwe. Mwaka 1625 alioa: Henrietta Maria, yule wa ngoma ya Paris, na yeye pia Mkatoliki. Picha ya mbwa ilirudi Hispania baada ya Charles kukatwa kichwa mwaka 1649, na leo iko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid.

Je, sheria hizo za Uingereza bado zipo? — Msomaji, Mombasa

Zimelegezwa. Marufuku ya kuoa au kuolewa na Mkatoliki, pamoja na ile sheria ya mwaka 1772 iliyowataka karibu wazao wote wa ukoo kuomba idhini ya mfalme, ziliondolewa na sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kazi Machi 2015. Sasa ni sita wa kwanza tu katika urithi wanaohitaji idhini. Mfalme mwenyewe bado haruhusiwi kuwa Mkatoliki. Margaret, dada wa Elizabeth wa Pili, alifungwa na ile ya 1772. Alimpenda Peter Townsend, rubani wa vita aliyemzidi miaka 16 na aliyeachana na mkewe, na kwa kuwa Kanisa halikukubali ndoa ya mtalikiwa, Oktoba 1955 alitangaza kwamba hataolewa naye.

Mwalimu, sisi tunafundishwa kwamba mume na mke wawe kufu. Je, Wazungu nao wana kufu? — Msomaji, Unguja

Wanayo, na watawala wa Austria waliishika kuliko wengi wetu. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Vienna, alikuwa akizuru mara kwa mara nyumba ya Isabella, mke wa mmoja wa mabwana wa ukoo huo, na mama huyo mwenye mabinti wengi aliamini kwamba mgeni anamfuata mkubwa wao, Marie Christine. Husimuliwa kwamba siku moja Franz Ferdinand aliisahau saa yake ya mfukoni kwenye uwanja wa tenisi. Isabella alifungua kifuniko chake akitarajia kuiona picha ya mwanawe. Aliyekuwamo ni Sophie Chotek, msindikizaji aliyekuwa akilipwa mshahara nyumbani humo.

Sophie hakuwa mtu wa chini. Alitoka katika ukoo wa kikabaila wa Bohemia, wenye jina na historia, lakini haukuwa ukoo uliowahi kutawala, na kwa kanuni za Vienna hilo lilitosha kumtoa katika kufu. Mfalme Mkuu Franz Joseph hatimaye alikubali kwa sharti moja. Tarehe 28 Juni 1900 mpwa wake aliapa mbele ya wakuu wa nchi na wa dini kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wao hawatarithi. Siku tatu baadaye wakaoana, na mfalme hakuhudhuria.

Katika dhifa za ikulu Sophie aliingia nyuma ya mabinti wadogo wa ukoo, bila mumewe pembeni. Wote wawili waliuawa kwa risasi Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, miaka kumi na minne kamili tangu kiapo. Majeneza yao yalipolazwa katika kanisa la ikulu, la mke liliwekwa chini kidogo kuliko la mume, na juu yake, mahali pa taji, zikawekwa glovu nyeupe na kipepeo cha mkono, vitu vya msindikizaji. Franz Ferdinand alijua kwamba mkewe hangeruhusiwa kuzikwa na wafalme wa Vienna, kwa hiyo alikuwa amekwisha jenga kaburi la wawili katika ngome yake ya Artstetten, na huko ndiko walikozikwa.